Msumari wa Boriti ya Sebuleni

Mwanangu Mwanaidi,

Assalamu alaikum. Salamu nyingine nimekupa za mdomoni tangu asubuhi, na za majirani utazipata mwenyewe mlangoni, kwa hivyo sizirudii. Keti kwanza. Bahasha hii ina kitu ndani, ukiitikisa kitalia. Usikitoe bado. Soma, kisha utakitoa.

Saa hii umekwenda Biashara Street kununua leso za kuchukua Msambweni, uhamiako kesho, na mimi nina nafasi mpaka Magharibi, kwani nakujua: hununui leso mpaka umesoma majina ya leso kumi, mwenye duka amechoka kukunja na kukunjua, kisha urudi uchukue ile ya kwanza. Hilo umelirithi kwa marehemu babako. Mimi nikiona kitu nakitaka, nakinunua, halafu ndipo naanza kujiuliza ni kitu gani.

Mambo ya kula na kulala na kuchemsha maji siyaandiki. Una miaka ishirini na minne, wewe ni muuguzi, wewe ndiye wa kunifundisha mimi kuchemsha maji. Nataka kukujibu swali uliloniuliza juzi. Ulikuwa wafunga sanduku, ukasema bila kunitazama: "Mama, ule msumeno wa umeme bado upo?" Nikakwambia upo. Ukasema shamba la babako kule lina mikanju ya korosho iliyokauka, matawi yamelalia paa, na wataka kuyakata mwenyewe kidogo kidogo kuliko kungoja watu. Nikaenda kugeuza kachiri zangu za muhogo karaini, ambazo hazikuwa na haja ya kugeuzwa. Miaka kumi na miwili hujautaja msumeno ule. Wala mimi. Ukakaa na swali lako, na hukuniuliza tena, kwa sababu wewe siku hizi huulizi mara mbili. Kwa nini huulizi mara mbili najua, na ndiyo maana naandika.

Hebu nikuanzie mbali kidogo, univumilie.

Wewe ulikuwa mdogo ulipoingia msumeno huu nyumbani. Kuni za kukaangia kachiri alikuwa akiniletea mzee mmoja kutoka Likoni, magogo ya mvinje marefu kama miguu ya twiga, na mkata kuni alikuwa akija siku apendayo yeye. Siku moja nimeingia duka la vyuma la Bwana Taherali kununua bawaba ya mlango, nikauona umeketi juu ya rafu, rangi ya chungwa, na ule waya wake umekunjwa vizuri. Nikauliza, "Hiki ni nini?" Akanieleza. Nikauliza, "Na mwanamke aweza?" Akanijibu, "Mama Mwanaidi, chuma hakiulizi. Lakini kina kitabu chake, usome kabla hujautia umeme." Nikamwambia mimi nimesoma mpaka darasa la nane. Akacheka yule bwana, akasema, "Basi kitabu hiki ni darasa la tisa."

Kitabu nilikisoma, usidhani sikukisoma. Nilikisoma kama watu wengine wasomavyo barua ya mkwe: nikaruka nisiyoyapenda.

Lakini mwanangu, nilivyoupenda ule msumeno! Jioni ya kwanza niliutandika kwenye mkeka, plagi ikiwa mbali, nikaufungua kifuniko cha ubavuni, nikautoa mnyororo nikaulaza kama mkufu wa dhahabu. Meno yake yapokezana, moja lakata kulia, moja lakata kushoto. Na mbele ya kila jino kali pana kijino kifupi, butu, kisichokata kitu. Hicho kilininyima raha siku tatu. Fundi gani huyu apotezaye chuma kwa jino lisilokata? Nikamuuliza babako, akasema, "Umeanza." Nikaenda mpaka kwa Bwana Taherali, akaniambia lile butu ndilo linalolipimia jino kali: laliambia likate kiasi gani, lisizidi. Ukilichonga sana butu, jino kali hula pande kubwa kuliko nguvu zake, na msumeno waruka mkononi. Nilifurahi siku nzima kwa kulijua hilo. Nikawaambia mpaka wateja wangu kule ufukoni Mama Ngina, wamekuja kula kachiri na pilipili na ndimu masikini ya Mungu, mimi nawaeleza habari za meno.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la mafuta. Kitabu kilisema mnyororo una mafuta yake maalumu, mazito, ya kunata. Nikajiambia, alaa, mafuta si mafuta? Sisi watu wa hapa tuna dawa moja ya kila jambo. Nywele, mafuta ya nazi. Mtoto mchanga, mafuta ya nazi. Mlango ukilia, mafuta ya nazi. Nikayatia, na wallahi yalifanya kazi vizuri, na ua wote ukanukia kama wali. Nikajiona nimewashinda waliouunda.

Ilipoingia Kusi ndipo nilipopata adabu. Wewe wajua mwenyewe, Julai asubuhi chupa ya mafuta ya nazi iliyo bafuni huwa nyeupe, imeganda. Basi na ndani ya msumeno yaliganda vile vile, katika kile kitundu chembamba mafuta yanapopitia. Mnyororo ukawa wazunguka mkavu. Ukapata moto, ukarefuka, ukaning'inia chini ya ulimi. Ulimi ndilo jina nililolipa mimi lile bamba refu linalobeba mnyororo. Nikaukaza papo hapo, ungali wa moto. Ulipopoa ukajikunja, ukabana, haukuzunguka hata kwa kusukumwa. Nikaulegeza, ukapata moto tena, nikaukaza tena. Mwezi mzima nalegeza na nakaza, na sikuwahi kujiuliza kwa nini. Mimi, mwenye kuuliza kila kitu! Nadhani mtu huacha kuuliza pale anapoogopa kwamba jibu litakuwa ni yeye.

Na yale mafuta yalichanganyika na unga wa mbao, yakatengeneza kitu kama halua iliyokaa wiki, yakajibandika kila pembe ndani ya kifuniko. Mle ndani ndimo ilimo breki. Mbele ya mpini wa juu pana kile kikingio cheusi: msumeno ukiruka, mkono wako wakisukuma, na mnyororo wasimama kabla hujapepesa jicho. Kwangu mimi kile kilikuwa kitu cha kuninyima kuona. Sikukisafisha hata siku moja. Nalisema hili wazi kwani nataka ulijue kabla sijafika kule niendako.

Sasa nafika.

Mwaka ule tuliezua dari ya sebule, wakumbuka vumbi lake. Boriti zile za mikoko ziliwekwa na babu yake babako, na fundi alipotaka kuzitupa nikapiga kelele, maana hapa kwetu boriti haitupwi. Boriti ikitoka kwenye dari huwekwa, ingoje arusi. Moto wake hauna moshi na hauzimiki ovyo, na mpishi wa pilau akipata boriti kongwe huwa mkarimu hata kwa watoto. Jirani yetu Bi. Amina alikuwa amwoza bintiye Ijumaa. Kila nyumba ilileta chake: huyu masufuria, huyu majamvi, yule mbuzi. Sisi tukasema kuni ni zetu.

Alhamisi baada ya Alasiri, nikautoa msumeno uani. Mjombako Bakari akaja kunishikia. Wajua kazi yake, kofia za viua, nakshi ya kutoboa kwa sindano kitundu kimoja kimoja, na vidole vyake ndivyo shamba lake. Boriti ni mti mgumu, Mwanaidi. Mvinje ni mkate mbele yake. Nikakata mbili, kidole kikaniuma kwa kukibana kile kibonyezo, maana ule msumeno hauendi ila ubonyeze pawili: kitufe cha kidole gumba, kisha kile cha chini, na ukiviachia wazima. Kwa nini pawili? Hilo nilijua jibu lake, kitabu kilieleza. Ni ili mkono ukiteleza, uzime wenyewe. Nilijua. Nikachana ukanda wa leso kuukuu, nikakifunga kile kibonyezo kikabaki kimebonyea, nikawa naupa umeme na kuuzima kwa swichi ya soketi, pale karibu na mlango wa jikoni.

Mjombako akaona. Akaniuliza, "Dada, hicho kitambaa ni cha nini?"

Nikamwambia, "Cha kunipumzisha kidole. Wewe shika boriti."

Akasema, "Hivi ndivyo ilivyoandikwa?"

"Bakari, mpishi angoja kuni. Shika."

Akashika. Yeye ni mdogo wangu, tangu lini akanikatalia?

Boriti ya tano ilikuwa ile ya katikati ya sebule, ile iliyoning'inizwa taa ya karabai zamani kabla ya umeme. Nikaisogeza, nikaingiza ncha ya ulimi kwanza, kwa kuchokora, maana benchi lilikuwa fupi. Na kumbe mle ndani mlikuwa na msumari. Si msumari wa dukani, ni ule wa kufuliwa na mhunzi, wa pembe nne, umezama na mti umeuzibia mdomo juu yake. Nisikilize hapa vizuri. Nilisikia chuma. Mlio mkali, mfupi, kama sahani ikianguka chini. Msumeno ukaruka juu, mkono wa kulia ukaniponyoka, ukageuka, ukaangukia upande wa Bakari, na kwa kuwa kibonyezo kimefungwa haukuzima. Na breki haikushika. Nikakitazama kitu kile kikizunguka juu ya mkono wa ndugu yangu, na mimi nimesimama, nimekuwa jiwe. Hapo, *baada ya hapo*, ndipo niliposikia sauti yako mlangoni pa jikoni, "Mama!"

Mwanangu, najua wewe wakumbuka uliita kwanza.

Wakumbuka hivyo kwa sababu uliambiwa hivyo. Tulipofika hospitali, Bi. Amina akanishika mabega, "Ilikuwaje, dada, ilikuwaje?" na ulimi wangu mimi huu, wa nyama, ukasema: "Mtoto aliniita, nikageuka." Maneno matatu. Yalitoka kabla sijayafikiri, kama mtu aliyetupa kitu cha moto, akakitupa pasi kuangalia kitamwangukia nani. Wewe ulikuwa nyuma ya mlango na chupa ya maji. Niliuona upindo wa gauni lako la kijani chini ya mlango. Nilijua wasikia. Nikamwacha Bi. Amina aseme, "Loo, watoto," na sikuyarudisha.

Siku ya pili mtaa mzima wa Kibokoni ulikuwa nayo. Wanawake walikufanya mfano: "Usimwite mtu yuko kazini, wamjua Mwanaidi?" Mimi napita nasikia, natoa salamu, naenda zangu. Nilijiambia litasahaulika. Kweli watu walisahau. Wewe hukusahau.

Wewe tangu siku ile hukupata kuniita. Uliacha kabisa. Wataka jambo, waja pole pole, wasimama mlangoni pa jikoni, wangoja mpaka nikuone mwenyewe. Mara ngapi nimegeuka nikakukuta umesimama na daftari mkononi, sijui tangu saa ngapi! Watu wakisema, "Mashallah, mtoto ana heshima, hapayuki." Nami naitikia. Walisema ulisomea uuguzi kwa huruma uliyozaliwa nayo. Mimi nilijua ulisomea nini. Ulikuwa walipa deni lisilokuwa lako, na aliyekukopea alikuwa akikukaangia kachiri. Naona haya, Mwanaidi. Naona haya mbele yako kuliko nilivyopata kuona mbele ya mtu yeyote.

Nikwambie nilivyopata yakini, usije ukadhani nasema haya ili kukupoza roho kwa sababu waondoka. Siku arobaini baada ya ajali, wewe uko shule, niliingia stoo nikautoa ule msumeno. Niliogopa, lakini udadisi wangu ulikuwa mkubwa kuliko hofu, na huo ndio ugonjwa wangu. Nikaufungua mkekani kama ile siku ya kwanza. Nikakuta ile halua imeijaza breki mpaka haiwezi kujikunja. Nikaukuta ukanda wa leso bado umefungwa, umekauka. Nikauhesabu mnyororo jino kwa jino: moja limekatika. Nikaenda kuitafuta boriti, ilikuwa bado iko kipembeni, hakuna aliyetaka kuichoma. Nikaipasua kwa patasi, nikautoa ule msumari. Una kovu jeupe, linang'aa, mahali jino lilipoingia. Mambo matatu yalikata vidole vya ndugu yangu: mafuta yangu, kitambaa changu, na boriti yetu ambayo sikuikagua. Sauti yako haimo. Nilitafuta, mwanangu. Nilitamani niione hata kidogo niwe si mwongo. Haimo.

Na pana jambo la nne, nalo ndilo zito. Baada ya kuita, ulichomoa plagi. Mimi nilikuwa nimeganda, wewe ulipiga hatua mbili, ukashika ile plagi kwenye soketi, ukavuta, na kile kitu kikafa. Nimekuona kwa macho yangu mawili. Sikupata kulisema, kwani ningelisema hilo, watu wangeuliza ajali ilianzaje.

Leo asubuhi nilikwenda kwa mjombako, kwenye kibaraza chake karibu na Ngome ya Yesu. Nilisema siwezi kukuandikia wewe kabla sijamwambia yeye. Alikuwa ashona, kitambaa amekibana goti na goti, vile anavyofanya siku hizi. Nikamweleza yote, na chozi juu. Akaendelea kushona. Nilipomaliza akasema, "Dada, mimi ndiye niliyekuwa nimeishika boriti. Chuma nilikisikia mkononi kabla yako wewe. Wadhani sikujua?"

Nikamuuliza, "Basi mbona hukusema?"

Akanitazama. "Neno lilikuwa lako. Nilikuwa nikikungoja." Kisha akaniinulia ule mkono wa kushoto, akasema, "Vidole vitatu hivi nilivyobaki navyo ni vya yule mtoto. Miaka kumi na miwili wanipa mimi pole, na mwenye pole yake walala naye nyumba moja."

Nikamuuliza nikupe msumeno au nisikupe. Akasema, "Mpe. Yeye ndiye pekee kati yetu aliyejua pa kuuzimia. Lakini mpe na msumari."

Basi ndio huo, utoe sasa. Ni mzito, eeh? Mkwaruzo ule mweupe ndio ulioita kwanza, si wewe.

Msumeno uko kwenye kasha lake chini ya kitanda changu, uchukue. Niliutengeneza miaka mingi nyuma, na kila mwaka naufungua, naufuta, naufunga. Mnyororo ni mpya. Nimekutilia chupa ya mafuta yake ya haki, na ukikwisha kutia, ujaribu: elekeza ncha kwenye kipande cha boksi, uuwashe kidogo, ukiona mstari wa mafuta kwenye boksi basi yapita. Usiponiamini utakumbuka asubuhi za Julai. Plagi iwe nje ya soketi kila utakapougusa mnyororo, hata kwa kuufuta tu, hata kama umeme umekatika, kwani umeme wa kwetu hurudi bila hodi. Ukitaka kuukaza, ungoje upoe. Uvute kwa vidole katikati ya ulimi: uinuke kidogo, urudi wenyewe. Na uangalie msumeno unachotema. Ukitema vipande, una meno. Ukitema unga mwembamba kama wa maandazi, umekuwa butu, na mtu mwenye msumeno butu huanza kuusukuma, na akianza kuusukuma yuko njiani kunifuata mimi. Chukua tupa ya duara, piga kila jino idadi ile ile, upande mmoja kisha wa pili. Utaipenda kazi hiyo. Yatuliza.

Ile ncha ya ulimi, nusu yake ya juu, usiigusishe kitu. Nilikaa sana nikijiuliza kwa nini ni pale tu. Pale mnyororo wateremka kutoka juu, wausukuma mti mbele yako. Ukishindwa kuusukuma mti, wausukuma msumeno, na nyuma ya msumeno ni wewe. Kwa hivyo shika kwa mikono miwili, vidole gumba vizunguke mipini, na usisimame nyuma yake sawasawa, simama kando kidogo. Leso na mtandio uache ndani. Vaa suruali na viatu vya kufunika na yale mawani niliyokuwekea. Mvua ikinya, hata manyunyu, acha. Ngazi usipande nao. Yale matawi ya juu ya mkanju, mwite mkwezi mwenye kamba zake, akate yeye, wewe ukate yakishafika chini. Hapana ushujaa hapo.

Ndani ya kasha utakuta pia sumaku. Niliitoa kwenye spika kuukuu ya redio ya babako. Mti wowote uliowahi kuwa karibu na watu, nguzo, boriti, mti wa kufungia kamba ya nguo, mti ambao wapangaji walipigilia kibao, uupitishie sumaku kwanza, pole pole, upande hata upande. Utaisikia ikivutwa mkononi kabla ya jicho kuona kitu. Mara ya kwanza nilipoijaribu, niliipitisha kwenye boriti zote zilizobaki, nikapata misumari tisa. Tisa! Nilicheka peke yangu stoo, kisha nikalia.

Nasikia Bi. Amina anatoa salamu kwa mtu barazani, huenda ukawa ni wewe umerudi. Naye nitamwambia, Inshallah leo hii hii, kabla hujaondoka, na nitamwambia kwa sauti, mlango wazi. Mtaa uliosikia uongo utasikia na haki. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, nimekawia kukupa haki hiyo pia. Msambweni si mbali, hasira yako itanifikia.

Nakuomba jambo moja tu. Kesho asubuhi kabla gari halijafika nitakuwa uani, nakaanga kachiri za kukufungia njiani. Nitakuwa nimekupa mgongo kwa makusudi, karai la mafuta liko motoni mbele yangu. Usije ukasimama mlangoni ukaningoja. Nakuomba, mama, usisimame. Niite. Niite kama ulivyoniita una miaka kumi na miwili, Kibokoni yote isikie. Sitashtuka. Nitaweka chini nilichoshika, nitauteremsha mwiko, kisha nitageuka.

Mamako